Majibu ya Kupita

Kwa miaka mingi, mtu wa Migori aliyetaka kitu kutoka serikalini au kwa tajiri alianzia kwa Dorine Awino. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, mkopo wa chuo, maombi ya uaskari, hata barua ya kumwomba mwenye nyumba msamaha, yote yalipitia katika chumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la viatu vya mitumba, si mbali na stendi ya magari ya Isebania. Nje palikuwa na ubao uliotaja huduma zote za saiba hiyo, yaani duka la kompyuta na intaneti, kwa rangi ya bluu, na chini kabisa mtu fulani alikuwa ameongeza kwa chaki: Na Zingine. Dorine hakujua ni nani aliyeyaandika maneno hayo, lakini hakuyafuta, maana kazi yake kubwa ilikuwa ndiyo hiyo ya zingine.

Alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani iliyokuwa ikiteleza puani kila akiinama. Tena alikuwa mdadisi. Simwiti mmbeya, na anayechanganya mambo haya mawili hajawahi kukaa na Dorine. Mmbeya anataka kujua ili akaseme. Dorine alitaka kujua tu, basi, na akishajua alikaa nalo kimya kama mtu aliyekunywa maji yakamtosha.

Na kazi ilimpa mengi ya kujua, hasa tangu kampuni zilipoleta mtindo wa kupima tabia za watu kabla ya kuwaajiri. Zamani ulitoa cheti, ukatoa barua ya chifu, ukangoja. Sasa unawekewa sentensi nyingi kwenye kompyuta, na kila moja inataka useme kama unakubali kabisa, unakubali, huna hakika, unakataa, au unakataa kabisa. Mimi sikasiriki kwa urahisi. Nina subira na watu wote. Sijawahi kusinzia kazini. Huwa nafurahi mwenzangu anaposifiwa. Aliyezitunga sentensi hizo nadhani alikuwa amekaa mahali penye kiyoyozi, na hajawahi kuishi na mashemeji.

Watu wa Migori waliingia na mambo hayo kwa Dorine jinsi walivyoingia na fomu nyingine zote. Walitoa kitambulisho, wakakaa kwenye benchi, wakasema, "Jaza." Dorine angeweza kujaza kimya kimya. Lakini udadisi haukumwachia. Alizisoma sentensi kwa sauti, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu, kwa sababu mtu akisomewa jambo ghafla, ukweli humtoka kabla hajauwahi.

Alipomsomea Truphena, mpishi aliyekuwa akitafuta kazi kwenye majiko makubwa, ile ya kuwa na subira na watu wote, mama huyo alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Watu wote? Hata mke wa ndugu yangu?"

"Imesema wote."

"Wacha nicheke, mama. Yule mwanamke siku moja nilimfungia nje na mvua inanyesha." Akakunja leso yake vizuri. "Sasa wewe andika nakubali kabisa."

Mzee Osoro, aliyekuwa bawabu maisha yake yote, aliposomewa ile ya kusinzia kazini aliutazama mlango kwa muda. Akasema kuna usiku mmoja alilala fofofo penye lindo, akaamka amefunikwa blanketi, na mpaka leo hajui ni nani aliyemfunika. Wote wawili walikaa wakilifikiria blanketi hilo. Kisha Mzee Osoro akasema, "Andika sijawahi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu waliutoa ukweli pale kwenye benchi, na Dorine akaandika kingine. Si kwamba alipenda uongo. Mwanzoni, kabla hajaizoea kazi, aliandika kama alivyoambiwa, na wale aliowaandikia ukweli hawakuitwa na mtu. Aliyekiri kwamba huchelewa mara moja moja hakuitwa, na aliyesema hana hakika alisahaulika kabisa. Waliokubali kabisa mazuri yote na kukataa kabisa mabaya yote ndio waliopigiwa simu. Dorine si mjinga. Akajitengenezea mkondo wake wa majibu, watu wakayaita majibu ya kupita, na mwishowe vidole vyake vilikuwa vinayafuata bila yeye kuviamuru. Sifa zikaenea mpaka Kehancha kwamba Dorine wa saiba ana mkono mwepesi.

Ila hata mkono mwepesi hauzuii dunia. Simu zikawa zinafanya kila kitu, vijana wakawa wanajisajilia wenyewe wakiwa wamelala vitandani mwao, na mwenye saiba, Mzee Mochama aliyekaa Kisii, akaja siku moja akavitazama viti vitupu akakohoa. Akamwambia Dorine kwa upole kwamba mwaka ukiisha atakigeuza chumba kiwe duka la chakula cha kuku. Dorine akasema ameelewa, hakuna neno, Mungu ni mwema. Alimsindikiza mpaka barabarani na kumshukuru. Aliporudi ndani alikuta amebonyeza kalamu mkononi mpaka imepasuka, akashangaa ilipasukaje.

Huko Rusinga alikuwa na mama yake, Mama Benta, aliyebaki peke yake bomani tangu mumewe alipofariki. Kila Jumapili baada ya kanisa Dorine alimpigia. "Idhi nade, Mama?" Waendeleaje? Na mama yake, tangu Dorine aanze kumiliki simu, alijibu jibu moja: "Adhi maber." Naendelea vizuri. Kisha akamuuliza mwanawe naye anaendeleaje, na Dorine akajibu adhi maber. Miguu? Mizima. Macho? Yapo. Sukari ipo? Ipo. Wakaombeana baraka wakakata simu, kila mmoja ametulia, au kila mmoja akidhani mwenzake ametulia.

Basi likaja tangazo. Kampuni moja ilikuwa inafungua ghala la baridi mjini Homa Bay, la kutunzia samaki na mboga zisiharibike, na ilitaka madereva, wapishi, mabawabu, wapima mizani, na mtu wa mapokezi. Dorine aliposoma hayo ya mapokezi moyo wake uliruka. Akikaa Homa Bay, Jumapili angeweza kwenda Rusinga, ale chakula cha mchana kwa mama yake, na arudi jioni. Kutoka Migori safari hiyo ilimla siku nzima na nusu ya nyingine, ndiyo maana siku hizi alikuwa anaonekana nyumbani Krismasi na matanga tu. Aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Naye si peke yake. Watu walimiminika saibani. Truphena alikuja, Mzee Osoro alikuja, na kijana Caleb, aliyetaka kazi ya mizani, alikaa kwenye benchi akitafuna njugu na kusema, "Jaza tu, dada, mimi nakuamini." Dorine akasoma, watu wakasema yao, vidole vikaenda.

Aliyemsumbua ni Boaz Maroa, dereva wa Kehancha, mtu mpana, wa maneno machache, aliyezoea kuendesha malori ya tumbaku. Alikaa kwenye kiti cha karibu, wala si kwenye benchi, akaikazia macho kompyuta.

"Mimi sikasiriki kwa urahisi," Dorine akamsomea.

"Nakasirika."

"Sawa. Naandika nakubali kabisa."

"Nimesema nakasirika, dada. Kwetu kila mtu anajua. Babangu alikuwa hivyo, hata mimi niko hivyo. Inakuja haraka, inaisha haraka."

"Kaka Boaz, hilo si jibu. Ukiandika hivyo hawatakuita."

"Si watanijua tu nikishaanza kazi?"

"Hapo utakuwa umeshaanza."

Uso wa Boaz ulionyesha kwamba hilo halikumpendeza. Mwishowe akainuka. "Wewe ndiye unajua mambo ya hii mashine. Andika unavyojua." Akalipa, akatoka, akaiwasha pikipiki yake kwa teke moja kubwa. Dorine aliendelea kumfikiria hata baada ya muungurumo kupotea. Alijiuliza ni kitu gani kinamfanya mtu apende kujulikana alivyo hata pale ambapo hakuna faida.

Yeye alijijazia wa mwisho, alasiri, chumba kikiwa kimya. Ilikwisha kabla chai yake haijapoa. Alisimama mahali pamoja tu, penye hiyo hiyo sentensi ya hasira. Hakuwa na mtu wa kumsomea, na bila kusomewa hakusikia kitu chochote kikijibu ndani yake. Je, mimi hukasirika? Aliona ni swali zuri. Alitaka hasa kujua. Lakini mteja akaingia na karatasi za kunakili, na Dorine akabonyeza nakubali kabisa akaenda kumhudumia.

Wiki chache baadaye simu zikaanza kulia. Truphena aliitwa, Mzee Osoro aliitwa, Caleb aliitwa, Boaz aliitwa, Dorine aliitwa. Yaani kila mtu aliyejaziwa pale aliitwa, hakuna aliyebaki. Waje Homa Bay Jumatano kwa hatua inayofuata. Watu walimletea Dorine mandazi na soda, na kinyozi wa jirani akasema kwa mkono kama huo angegombea udiwani. Jumapili Dorine alipompigia mama yake alimwambia kuna kazi inakuja, na kwamba yeye anaendelea vizuri sana. Mama yake akasema hata yeye.

Jumatano waliingia katika ukumbi wa kanisa uliokodishwa na kampuni, upepo wa ziwa ukipita madirishani na kuzigeuza karatasi mezani. Mbele alisimama mwanamke wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Nyasuguta, msimamizi wa kuajiri. Hakuwa na uso wa ukali. Alikuwa akiwatazama mmoja mmoja kama mtu anayemtafuta jamaa yake katika umati.

"Habari zenu," akasema. "Nimefurahi kuwaona, maana nilikuwa na hamu sana. Wiki iliyopita mashine yetu ilisoma majibu ya watu wa Kisumu, wa Kisii, wa Mbita. Huko kila mtu ana yake. Huyu ni mvivu kidogo, yule ana wivu kidogo. Lakini kutoka Migori tumepata mtu mmoja tu."

Watu wakatazamana.

"Mtu mmoja. Ameomba udereva, ameomba upishi, ameomba ubawabu na mapokezi. Ana majina mengi na vitambulisho vingi. Hakasiriki, hachelewi, hasinzii, anampenda kila mtu, na jirani yake akipata yeye hufurahi kabisa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kukutana na binadamu wa namna hiyo. Ndiyo maana nimewaita wote, nimwone. Ni nani?"

Kuna aliyecheka akajinyamazia. Caleb akainua mkono, akasema labda mashine imeharibika.

"Mashine iko sawa, kijana wangu. Maagizo yalisema kila mtu ajaze mwenyewe. Nisipoelewa kilichotokea, nitayaondoa majina haya yote, na Migori tutaiacha."

Hakuna aliyemtazama Dorine. Watu wote walikaza macho mbele kwa bidii kubwa mno, na bidii hiyo ilimuuma kuliko kama wangemnyooshea kidole. Alijua akinyamaza wote wataanguka pamoja, naye akiwemo. Alijua pia akisema, huenda wengine wakapona, lakini yeye hatapona. Akawaza Jumapili za Rusinga. Akanyamaza kidogo zaidi, na sitamlaumu, maana hata mimi ningenyamaza.

Ndipo Caleb akanong'ona, kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika ukumbi mzima, "Si asimame tu. Ni yeye alituharibia."

Kiti kikaanguka. Boaz Maroa alikuwa amesimama.

"Alikuharibia nini? Wewe Caleb! Alikushika mkono? Ulikaa hapo kwa benchi unakula njugu, ukamwambia jaza! Sasa leo ni yeye?"

"Keti, mzee, usituletee..."

"Siketi! Nani ni mzee wako?"

"Ndugu," Nyasuguta akasema, "jina lako nani?"

"Boaz Maroa. Dereva. Kehancha." Alikuwa bado anamtazama Caleb.

Nyasuguta akapekua karatasi zake bila haraka. "Boaz Maroa. Hapa imeandikwa wewe hukasiriki kwa urahisi. Unakubali kabisa."

"Mimi nilisema nakasirika, madam. Nikaambiwa hilo si jibu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, hata Mzee Osoro akacheka, na Boaz mwenyewe, hasira ikiwa tayari imekwisha, akatabasamu na kukiokota kiti. Katikati ya kicheko hicho Dorine akajikuta amesimama.

"Ni mimi niliyemwambia hivyo," akasema. "Ni mimi niliyewajazia wote. Huyo mtu unayemtafuta nimemtengeneza mimi."

Kicheko kikakatika. Nyasuguta akavua miwani.

"Na kwa nini ukawafanya wote sawa?"

"Kwa sababu ndivyo mnavyotaka. Zamani niliandika ukweli. Wote niliowaandikia ukweli hamkuwaita. Sisemi kampuni yenu, nasema wenzenu. Watu wamekuja kwangu wanataka kazi, nikawapa mtu ambaye mnamwajiri."

Ilikuwa sauti yake, lakini ilikuwa kali, na Dorine aliisikia akashangaa kama vile imetoka kwa jirani. Nyasuguta akasema polepole kwamba wengine watapewa karatasi na kalamu, wajaze upya hapo hapo, kila mtu peke yake. Lakini aliyewajibia wengine hawezi kuendelea safari hii. Hiyo ni kanuni, na hawezi kuipinda mbele ya watu wote hawa.

"Nimeelewa," Dorine akasema. Karibu aongeze kwamba hakuna neno, Mungu ni mwema. Safari hii maneno hayo hayakutoka. Akachukua mkoba wake akatoka nje, akakaa kwenye kibaraza.

Kupitia dirishani aliwaona wenzake wakihangaika. Hawakuwa wamezoea kukaa na sentensi hizo bila mtu wa kuwasomea. Walitafuna kalamu, wakatazama dari, wakatazamana. Truphena aliinua mkono akauliza, "Madam, na hii ya sina hakika ni ya akina nani?" maana maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba ipo. Alipoambiwa ni ya mtu yeyote asiye na hakika, alishusha pumzi kubwa ya raha akainamia karatasi.

Boaz alimaliza wa kwanza. Alipotoka alikaa kando ya Dorine, akatafuta la kusema, akakosa, kisha akalipata. "Nimewaandikia nakasirika. Nikaongeza hapo pembeni, lakini si nikiwa na usukani."

Dorine akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. "Asante, kaka. Kwa kule ndani."

"Usinishukuru. Hiyo ilikuja yenyewe." Akaenda kutafuta chai.

Baadaye Nyasuguta alitoka, akaketi mahali pale pale alipokuwa Boaz. Alikuwa ameshika karatasi moja ya maswali ambayo haijajazwa. Akasema ana jambo moja linamkera, si la kazi, ni lake mwenyewe. Hao watu wote, walipokuwa wamekaa kwa Dorine, walisemaje hasa? Walipoulizwa juu ya hasira na wivu na usingizi, ukweli wao ulikuwa nini?

Dorine akamwona ni mtu wa aina yake, mwenye njaa ile ile, akampenda hapo hapo. Akalikumbuka blanketi la Mzee Osoro, akamkumbuka mke wa ndugu aliyefungiwa mvuani. Zilikuwa hadithi tamu, naye hakuwahi kumwonjesha mtu.

"Waulize wenyewe, madam," akasema.

Nyasuguta akaitikia kwa kichwa taratibu, wala hakuudhika. "Sawa. Basi wewe. Haitahesabiwa, unajua. Nataka tu kumjua huyo aliyetengeneza mtu wangu." Akamnyooshea karatasi.

"Nikiisoma mwenyewe sisikii kitu," Dorine akasema. "Nisomee."

Yule mama akavaa miwani yake. "Mimi sikasiriki kwa urahisi."

"Nakasirika," Dorine akasema, na jibu lilimtoka haraka kiasi kwamba alijishika mdomo. "Nakasirika sana. Niliposikia saiba inafungwa nilivunja kalamu. Na sasa hivi nimekasirika, madam, sitakuficha. Nimekukasirikia hata wewe."

"Hiyo naiandika," Nyasuguta akasema, na kweli akaiandika. "Napenda kuwasaidia watu."

"Sina hakika. Napenda kuwajua."

"Nikiwa na shida, nina mtu ninayemwambia."

Dorine alifungua kinywa, na hakukuwa na kitu. Alikuwa amelijibia swali hilo kwa niaba ya Migori nzima. Nakubali kabisa, nakubali kabisa, mchana kutwa. Alitazama ziwa lililokuwa likimetameta nyuma ya mabati ya soko, na upande huo, mbele zaidi, kilikuwa kisiwa chao. Nyasuguta alingoja. Mwishowe akaielewa hali ile, akaacha karatasi kwenye kibaraza, akarudi ndani kwa watu wake.

Dorine akatoa simu. Mama Benta aliipokea upesi, na sauti yake ilikuwa na hofu, kwa sababu haikuwa Jumapili.

"Dorine? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Idhi nade, Mama?"

"Adhi maber, nyathina, mwanangu. Na wewe?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Dorine, limekaa pale miaka yote hiyo.

"Mimi si mzima, Mama," akasema kwa Dholuo. "Sijakuwa mzima kwa muda mrefu. Saiba inafungwa. Na ile kazi niliyokwambia nimeikosa."

Upande wa pili palikuwa na jogoo anayewika mbali, na pumzi za mama yake. Kisha kikasikika kiti kikivutwa, na mama akikaa.

"Umekasirika?" Mama Benta akauliza.

"Sana."

"Najua. Tangu utotoni uko hivyo. Ukinyimwa kitu ulikuwa unaupiga mlango mateke mpaka baba yako aupigilie misumari upya. Nikawa najiuliza huyu mtoto mpole anayenipigia Jumapili ni wa nani." Jogoo akawika tena. "Mimi pia si mzima. Jicho la kulia limeingia ukungu tangu mvua za mwaka jana, na hili jingine linalifuata. Watu siku hizi nawajua kwa sauti."

Dorine aliinuka pale alipokaa. "Mwaka jana? Mama! Na kila Jumapili nakuuliza!"

"Unaniuliza, halafu unaniambia wewe ni mzima sana. Nikaona mtoto wangu hana mahali pa kuweka shida yangu."

Machozi yakamtoka Dorine waziwazi, kwenye kibaraza cha watu, na hakuyajali. Alisema yuko Homa Bay, ataingia gari la Mbita sasa hivi, na kabla ya jioni atakuwa nyumbani. Kesho wangeenda hospitali wote wawili. Kazi angeitafuta baadaye, na safari hii angejijazia mwenyewe.

"Haya, njoo," Mama Benta akasema. Sauti yake ilikuwa imelegea, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Na Dorine."

"Ndiyo, Mama."

"Ukifika Mbita pitia dukani. Ile sukari niliyokwambia ipo, haipo."